Barua kwa wajukuu wanaomeza vidonge vya kunenepa

Wajukuu zangu,

Salaam. Nasikia vile vidonge vimerudi saluni, vinauzwa vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na bibi harusi mtarajiwa anaahidiwa kujaa ndani ya wiki chache. Utajaa kweli, hilo silibishi.

Vingi ni deksamethasoni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mzio mkali. Ukiimeza ovyo, uso unaumuka kama andazi, tumbo linatuna, miguu inabaki ile ile. Huku ndani sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, na kinga inashuka hadi kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Ukivitumia kwa muda mrefu, mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukiviacha ghafla unaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo aliyekwisha kuvizoea asivitupe leo usiku. Aende navyo kwa daktari, apunguziwe taratibu.

Hofu ya wembamba naijua ilikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka ile aliyepungua kilo alinong'onwa hadi sokoni. Mama zenu walikulia humo. Leo anayetumia dawa za kufubaza VVU ananawiri, na wako wembamba wasio na ugonjwa wowote.

Mizani ndiyo ya kuulizwa, si kioo wala mawifi. Gawanya kilo zako kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Ikija chini ya 18.5 umepungua, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Kwa mwenye sentimita 160, hizo ni kama kilo 47, 64 na 77. Mjamzito hapimwi hivi.

Aliyepungua msimtanie. Hedhi inaweza kukatika, damu ikapungua, na akishika mimba mtoto anaweza kuzaliwa chini ya kilo 2.5. Kama kilo zimeshuka bila yeye kutaka, apimwe kifua kikuu, VVU, sukari, tezi ya shingo na minyoo. Karanga, maharage, dagaa, mayai na parachichi vitafanya polepole kazi ambayo kidonge hakiwezi.

Aliyezidi naye, shangazi zenu watasema ametunzwa na mume. Mimi nilikuwa mkunga wa leba, niliyaona. Kisukari cha mimba na kifafa cha mimba huwaandama zaidi wenye uzito mkubwa. Na mafuta ya tumboni ndiyo mabaya kuliko ya makalio, ilhali deksamethasoni hujaza tumbo. Yaani mnalipia kitambi!

Mwenye vidonge aje nimsindikize kliniki, sitamuuliza mengi. Huyo wa saluni niachieni mimi.

Bibi yenu, mkunga mstaafu