Mdogo wangu, vanila ya baba ilikuwa bado mbichi

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, ujumbe unasoma na kunyamaza. Naandika hapa kwa kuwa najua unapita. Watakaosoma na wasome.

Nasikia unawaambia shangazi kwamba nimekunyima haki yako kwenye kibanja, shamba la baba. Haki ipi? Ulikuja kumzika baba, ukabeba jeneza mbele kabisa, mvua yote ile. Hilo sijalisahau. Lakini asubuhi ya kuanua matanga, mimi nikihangaika na wageni, wewe ulikuwa nyuma ya nyumba na mnunuzi, mzani umening'inizwa kwenye mwembe. Nilipofungua gunia nikakuta vanila kijani tupu, hakuna hata moja iliyoanza kuwa njano nchani. Na kila tunda lina vitobo vya sindano, herufi za jina la baba, alizotoboa mwenyewe usiku kwa taa ya chemli. Alikuwa akiwaogopa wezi wa nje.

Kazi yake unaijua. Lando la vanila, ule mmea unaotambaa, linataka karibu miaka 3 kabla halijatoa ua. Ua linafunguka alfajiri, mchana limeshanyauka, na huku kwetu hakuna nyuki wa kulichavusha kama kwao Meksiko. Ni kijiti na kidole gumba: unainua kile kiutando kinachotenganisha dume na jike, unabana, unahamia ua jingine. Njia hiyo tumeachiwa na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, kisiwani Réunion mwaka 1841. Baba alitusimulia habari zake mpaka tukazikariri. Kisha unasubiri miezi 9 hivi. Ukichuma mapema, harufu haijajengeka, na ukianika inaota ukungu. Ndiyo maana ulilipwa vile vijisenti.

Unasema lilikuwa deni la mazishi. Deni lilikuwa letu sote, ungeniambia! Mimi ndiye niliyemkanda baba miguu, nikachavusha maua pale macho yake yalipochoka. Sikubaki Bukoba kwa kukosa pa kwenda. Basi kama kuna mwenye haki ya kusema vanila ichumwe lini, ni mimi.

Na hili wazo lako la kung'oa vanila yote tupande chotara, yaani mchanganyiko wa aina mbili, kwa sababu mizizi inaoza, nimelifikiria. Chotara siwachukii. Vanila ya Tahiti yenyewe ni mchanganyiko wa aina mbili za vanila, planifolia na odorata, na Madagaska walichanganya planifolia na aina nyingine, pompona. Lakini yetu inaoza pale tu maji yanapotuama. Nimechimba mifereji, nimeongeza matandazo, machipukizi yameanza kuparamia mibono, ile miti ya kuyaegemeza. Ile isiyo na majani uliyoipiga picha huko pwani ni roscheri, vanila ya porini. Maua yake mazuri kweli, ila usitoe hela kununua marando yake.

Nimeambiwa mtoto amezaliwa salama. Nimeambiwa na watu, si na wewe.

Mavuno yakikaribia njoo naye tumwone. Tutachuma pamoja, tutagawana nusu kwa nusu kama baba alivyosema. Mnunuzi yule asikanyage hapa.

Kaka yako.