Barua ya Malalamiko: Mpangilio wa Kibodi ya Kikuyu Unaofutwa na Masasisho Yenu

Ofisi ya Uhariri,
Nairobi.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

KUH: KUFUTWA KWA MPANGILIO WA KIBODI TULIOUTENGENEZA KWA MAELEKEZO YENU

Ninaandika kwa niaba ya ofisi yetu, inayohariri vitabu vya watoto vya Kiswahili na Kikuyu, na ambayo ilinunua kwenu kompyuta za mezani zenye mfumo endeshi wenu wa Linux pamoja na mkataba wa huduma unaolipiwa kila mwaka. Lalamiko letu ni kwamba mpangilio maalumu wa kibodi, tulioutengeneza kwa kufuata maelekezo ya fundi wenu, hufutwa na masasisho yenu wenyewe, na kwamba kila tunapowaeleza hivyo, ombi letu hufungwa na kuandikwa kuwa limetatuliwa.

Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, hazina vitufe kwenye kibodi zinazouzwa madukani. Ni kweli kwamba mfumo wenu huja na mpangilio wa Kikuyu, lakini mpangilio huo humtaka mwandishi ashikilie Alt ya kulia kila anapohitaji mojawapo ya herufi hizo, nazo si za nadra: jina Gĩkũyũ pekee linazo tatu. Kwa mchapaji anayeshinda na muswada kutwa nzima, huo ni mzigo wa vidole usio na sababu. Ndiyo maana tuliamua kuziweka ĩ na ũ kwenye vitufe vya mabano ya mraba, ambayo sisi hatuyahitaji katika hadithi za watoto, na mabano yenyewe tukayahamishia kwenye Alt ya kulia.

Fundi wenu alituelekeza tufungue faili iitwayo ke katika saraka ya /usr/share/X11/xkb/symbols, tuongeze mistari yetu humo, kisha tuutaje mpangilio mpya katika evdev.xml ili uonekane kwenye orodha ya lugha. Kazi ilikwenda vizuri, na tulimshukuru kwa maandishi. Jambo ambalo hakutuambia ni kwamba faili hizo ni za kifurushi cha xkeyboard-config, yaani mkusanyiko wa faili za mfumo unaobeba mipangilio ya kibodi, na kwamba kifurushi hicho kikisasishwa, faili zake huandikwa upya na kila kilichoongezwa na mteja hupotea.

Na ndivyo ilivyokuwa. Sasisho lilijiweka lenyewe usiku, na asubuhi wachapaji wetu, ambao kwa ustadi wao hawaangalii vidole, wakaendelea na kazi kama kawaida. Kurasa zilizofika mezani kwangu zilikuwa na maneno kama "G[k]y]". Kuyasafisha haikuwa kazi ya kubadilisha mabano kwa amri moja tu, kwa kuwa maelezo ya mchoraji katika muswada huohuo yalikuwa yamewekwa ndani ya mabano halisi.

Jibu la kwanza la idara yenu lilikuwa kwamba tunakili herufi hizo kutoka kwenye jedwali la alama na kuzibandika, ushauri ambao ungemfaa mtu anayeandika ĩ mara moja kwa mwaka. Jibu la pili lilitutaka tuzuie kifurushi hicho kisisasishwe tena, yaani tuyakose hata marekebisho halali ili kulinda mistari michache.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba njia sahihi ipo. Tangu 2020, maktaba ya libxkbcommon, yaani msimbo ambao programu huutumia kutafsiri vitufe vya kibodi, imekuwa ikisoma mipangilio ya mtumiaji kutoka ~/.config/xkb, vilevile husoma ya kompyuta nzima kutoka /etc/xkb, ambako masasisho ya kifurushi kile hayafiki. Tumelijaribu hilo katika kikao cha Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, na mpangilio wetu umesimama imara. Hata hivyo, kompyuta mlizotuuzia huanza kwa kikao cha X11, mfumo wa zamani wa kazi hiyohiyo, ambacho hakizisomi saraka hizo, na mkataba wenu unasema kwamba tukibadilisha kikao wenyewe, tunapoteza haki ya kuhudumiwa.

Kwa hiyo tunaomba mtuhamishie rasmi kwenye kikao cha Wayland bila kuathiri mkataba, muuweke mpangilio wetu katika /etc/xkb ili upatikane pia kwenye skrini ya kuingilia, ambako saraka ya mtumiaji haisomwi, na muondoe katika mwongozo wenu maelekezo ya kuhariri faili za /usr/share, kwa sababu wateja wengine watayafuata kama tulivyofanya sisi. Tunaomba pia ombi letu lifunguliwe upya, na ada ya huduma ya kipindi ambacho tatizo hili limedumu irudishwe au ihesabiwe katika malipo yajayo.

Nimeambatisha faili yetu ya mpangilio, kurasa zilizoharibika na nakala za majibu yenu. Ninatarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu ambaye atakuwa ameifungua faili hiyo na kuisoma.

Wako mwaminifu,

Mhariri Mkuu