Mpiga nyatiti apewe kigoda, na maikrofoni ishushwe chini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandaa matanga, harusi na sherehe za serikali hapa Kisumu na Siaya, na hasa vijana wanaokodisha spika.

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu huko Alego. Wanawe walimwita mpiga nyatiti, kinubi cha nyuzi cha sisi Waluo, na nilifurahi sana, kwa kuwa marehemu aliipenda nyatiti tangu ujana wake. Mzee alipofika alipewa kiti cha plastiki kama wageni wengine. Kijana wa mitambo akamwekea maikrofoni mbele ya mdomo, akaongeza sauti, akaenda zake. Sisi tuliokaa nyuma ya hema tulisikia mtu akiimba. Nyuzi zilisikika kwa mbali, na mguu haukusikika kabisa. Kabla wimbo wa pili haujafika katikati, mshereheshaji alimshukuru, spika zikarudia muziki wa kwenye simu. Shangazi akanigeukia: "Mwanangu, mbona nyatiti ya leo imekonda hivi?"

Jibu nilikuwa nalo. Marehemu baba yangu alikuwa jathum, yaani mpiga nyatiti, na tangu nikiwa darasa la pili mimi ndiye niliyembebea kigoda kila alikoitwa kupiga.

Kigoda chenyewe ni kifupi. Baba akikikalia, magoti yalimpanda karibu na kifua. Alijifunga gara, zile njuga za chuma, kwenye mguu wa kulia, kisha akavaa oduong'o, pete nzito ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu huohuo. Ndani ya pete alizungushia kitambaa isimchune. Nyatiti ilikaa chini mbele yake, na kwa pete ile aligonga mti wake ulio karibu na ardhi. Mahali palipogongwa palikuwa pamebonyea kiasi kwamba nikiweka kidole changu kidogo kinalala ndani. Alipopata nyatiti mpya alituambia kwamba bado si yake, itakuwa yake siku mti utakapobonyea.

Kwa hiyo anayepiga nyatiti anafanya kazi nne kwa wakati mmoja: koo linaimba, mikono miwili inachezea nyuzi nane, pete inagonga, njuga zinalia. Ukimwekea maikrofoni moja mdomoni umechukua kazi moja na kuzitupa tatu. Ukimpandisha kwenye kiti kirefu, mguu unapotea njia, mgongo unajikunja, na wimbo unachoka mapema. Yule mzee wa Alego anaijua kazi yake vizuri. Sisi ndio tuliomfunga mguu.

Nyuzi zenyewe zina maneno yake. Wazee wa zamani walitumia mishipa ya ng'ombe. Baba alinunua nailoni ya kuvulia samaki, na kila mara aliijaribu kwa meno kabla ya kulipa. Alinifundisha kuzihesabu nne kwa nne: nne za kwanza ni siku nne za mtoto wa kiume anapozaliwa, nne za mwisho ni siku nne anazoliliwa mwanamume akifa. Kuhesabu niliruhusiwa, kupiga hapana, kwa sababu kwa desturi nyatiti ilikuwa ya wanaume. Miaka ilipita, akaja mwanamke kutoka Japani, Eriko Mukoyama, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Anyango, akafundishwa hukohuko Siaya na sasa anaipiga. Nilipomwona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni nilitazama mguu wake. Pete ilikuwepo. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo.

Jambo la pili ni muda. Watu hudhani jathum alilipwa kama fundi, kazi imekwisha, chukua pesa. Sivyo. Baba aliishi kwa pakruok. Wimbo unaendelea, mtu anasimama, anaweka shilingi, nyatiti inanyamaza. Anajisifu, anamsifu shemeji yake, anawataja rafiki zake na kijiji alichooa, watu wanashangilia. Kisha nyatiti inarudi, na majina yale yote yanaingia kwenye wimbo. Mwingine naye anasimama. Wimbo mmoja uliweza kukesha hivyo, na kulipopambazuka baba alimwaga sarafu kutoka kwenye kofia, akazipanga kwenye ngozi ya nyatiti, mafungu mawili: la nyumbani na la karo. Karo yangu ilitoka hapo. Ukimpa jathum dakika tano umemnyima riziki, hata ukimlipa nauli ya kurudi, na umezinyima familia zilizokuja kuomboleza nafasi ya kutajwa.

Najua wengi wakisikia nyatiti humkumbuka marehemu Ayub Ogada, na ni haki yake. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, akaenda Uingereza miaka ya 1980 na kupiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London kabla ya kutoa albamu yake mwaka 1993. Alifariki Nyahera, hapa karibu nasi, Februari 2019. Isikilizeni albamu hiyo kwa makini. Nyuzi ziko mbele, unazisikia moja moja, kwa sababu aliyerekodi alizijali. Wageni walifanya hivyo kwa heshima. Sisi wenye nyatiti tunashindwaje kuinama na kushusha maikrofoni?

Kwa hiyo vijana wa mitambo, nawasihi: maikrofoni ya pili iwekwe chini, karibu na ngozi na kidole cha mguu. Muulizeni mzee mwenyewe iwekwe wapi, atawaonyesha. Wenye shughuli, mtengeeni jioni nzima, spika zilale. Na ndugu zetu wenye vinubi vyao, wa Bungoma wenye litungu na wa Kisii wenye obokano, ambayo nayo sauti yake nzito inamezwa na spika hizihizi, naamini wananielewa.

Kigoda cha baba ninacho bado. Nimekiweka kibandani kwangu Kibuye, kwenye safu ya wauza mitumba, na hakuna anayekikalia. Yeyote aliyemwalika mpiga nyatiti hapa Kisumu na hana kigoda, aje akichukue bila malipo, arudishe shughuli ikiisha.

Binti wa Jathum,
Soko la Kibuye, Kisumu