Tusiilaumu sabuni nafuu ya kunyolea kabla ya kuyatazama maji yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu sabuni za kunyolea ndevu, hasa zile za kijiti na za bakuli ambazo hupakwa kwa brashi na ambazo huuzwa kwa bei ndogo. Wanaume wengi hapa Mombasa huzijaribu mara moja, huona povu limekauka mashavuni kabla wembe haujafika kidevuni, kisha huziacha wakiamini kwamba kitu cha bei rahisi hakiwezi kuwa kizuri. Kwa maoni yangu sabuni hizo zinaonewa, kwa sababu mara nyingi kinacholiua povu ni maji tunayotumia na haraka tuliyo nayo.

Kwanza ni lazima tuitenganishe sabuni ya kunyolea na sabuni ya kuogea, maana wapo wengi wanaonyolea hiyo ya kuogea, na hata ya kufulia. Sabuni ya kuogea hutengenezwa zaidi kwa kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu, na ndiyo maana huwa ngumu na hutoa mapovu makubwa yanayopasuka upesi. Sabuni halisi ya kunyolea huchanganya sodiamu na potasiamu, tena huwa na asidi ya steariki kwa wingi, ambayo hupatikana katika shahamu na katika mafuta ya mawese. Potasiamu huifanya iyeyuke kwa maji kidogo, nayo steariki hulifanya povu kuwa zito, likakaa usoni na kuushikilia unyevu kwenye ndevu kwa muda wote wa kunyoa.

Kwa hiyo anayechagua asitazame picha wala harufu kwanza, bali ageuze karatasi ya sabuni na asome orodha ya viambato, ambayo huanza na kile kilicho kingi. Akikuta potasiamu na steariki miongoni mwa maneno ya mwanzo, ameshika sabuni ya kunyolea. Akikuta sodiamu peke yake, hiyo ni sabuni ya kuogea iliyopewa umbo la kijiti. Kijiti cha Arko kutoka Uturuki, chenye gramu 75, ni mfano mzuri wa sabuni nafuu inayofanya kazi kikamilifu, ingawa harufu yake kali inayokaribia ya ndimu haimpendezi kila mtu. Proraso ya Florence, Italia, ile ya kijani yenye mikaratusi na mentholi, nayo ni nzuri sana na huburudisha ngozi wakati wa joto, lakini mimi sioni kwamba povu lake linalishinda la Arko kwa kiasi cha kumfanya mtu aongeze fedha. Ikiwa mtu anatumia gramu moja kila anaponyoa, na ananyoa siku moja na kupumzika siku moja, kijiti cha gramu 75 kitamfikisha miezi mitano.

Wengi wetu huku pwani tunajali asili ya mafuta, na tuna haki ya kujali. Neno «tallow» katika orodha lina maana ya shahamu ya mnyama, na orodha yenyewe haisemi ni mnyama yupi; asiyeridhika achague sabuni ya mafuta ya mimea, ambazo siku hizi zipo nyingi. Uangalifu huo huo uende kwenye brashi, kwa kuwa brashi nyingi za bei ya chini hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Brashi ya nyuzi za bandia huondoa shaka hiyo, tena hukauka haraka katika hewa yetu yenye unyevunyevu.

Sasa niyaseme maji, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na maji yake hubeba kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo hukutana na sabuni yakaunda utando mweupe usioyeyuka, ule ule unaobaki kwenye beseni, na kila chembe ya sabuni iliyogeuka utando haiwezi tena kutoa povu. Kuyachemsha maji husaidia kwa sehemu, kwani baadhi ya chokaa hutuama na kuwa ukoko ndani ya birika, lakini chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ndiyo bora kuliko yote. Kazi nzima ya povu inahitaji nusu kikombe tu, hivyo hata anayenunua maji ya chupa hatapata hasara, na uso anaweza kuusuuza baadaye kwa maji ya kisima.

Namna ya kulitoa povu haina siri. Ndevu zilowe kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu, kwa kuwa unywele uliokunywa maji hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Kijiti kisuguliwe juu ya ndevu zenyewe, kwa kwenda kinyume cha zinakoota, nazo zitaikuna sabuni kama mbuzi anavyokuna nazi. Mtu asiogope kuacha sabuni nyingi usoni. Kisha brashi iliyoloweshwa na kukung'utwa ipitishwe kwa kuzungusha, na maji yaongezwe matone machache kila mara povu linapoonekana kukauka. Mwanzoni litakuwa kama ubandiko mkavu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa au humwaga maji mengi kwa pamoja. Wakivumilia dakika moja zaidi, povu litakuwa zito, lenye kung'aa, lisiloonyesha viputo, na likisuguliwa kati ya vidole viwili litateleza. Likiwa jepesi lenye viputo, limekosa sabuni. Likikauka na kuvuta ngozi, limekosa maji.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi wenye ndevu za kujikunja. Udevu uliokatwa chini ya usawa wa ngozi hujipinda na kuichoma ngozi kutoka ndani, na hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyoanza. Sabuni haitibu vipele, na mwenye vipele vikali ni afadhali aache wembe kabisa, atumie mashine na amwone daktari. Lakini povu zuri huuwezesha wembe kupita bila kukandamizwa, mara moja tu, kwa kufuata ndevu zinakoota, na hilo hupunguza madhara.

Namalizia na ombi kwa vinyozi wetu, kwamba wasitumie brashi moja wala kijiti kimoja kwa wateja wote. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, brashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa kwa dawa ziliwaambukiza kimeta askari wa Uingereza na Marekani, na baadhi yao walifariki. Leo hatari katika kibanda cha kinyozi ni damu na vijidudu vya ngozi kutoka kwa mteja aliyetangulia. Kinyozi akwangue vipande vichache vya sabuni katika kikombe safi kwa kila mteja, na mteja aje na brashi yake.

Msomaji wako,
Mombasa