Mshahara ulioandikwa ndio unaopima fidia ya aliyeumia kazini

Ndugu Mhariri,

Wengi hapa Mwanza tunadhani mtu akipata ulemavu kazini, serikali humpa chochote kwa huruma, na ukubwa wake unategemea unajuana na nani. Dhana hiyo inawaponza wafanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza Julai 2015, unalipa kwa hesabu, na hesabu yenyewe inasimama juu ya mambo mawili: asilimia ya ulemavu na mshahara.

Asilimia hutokana na tathmini ya kitabibu. Ikiwa ni 30 au pungufu, mtu hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ikizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi: inachukuliwa asilimia 70 ya mshahara, kisha inazidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Fundi wa mitambo mwenye mshahara wa Sh1,000,000, akipimwa asilimia 60, anastahili Sh420,000 kwa mwezi.

Linaloniuma ni hilo la mshahara, kwa sababu mwajiri huliandika muda mrefu kabla ya ajali. Mdogo wangu alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki. Nusu ya malipo yake ilikuwa kwenye karatasi, nusu ikipitia mkononi, ikiitwa posho. Yeye na wenzake walifurahi kwa sababu makato yalikuwa madogo. Mashine ilipomjeruhi mkono, hesabu ilianzia kwenye ile nusu ya karatasi. Na mchango wa mfuko huu haumgusi mfanyakazi hata senti. Mwajiri ndiye anayelipa, nusu asilimia tu ya mishahara. Kwa kuficha mshahara, tajiri anaokoa kidogo sana, na aliyeumia anapunjwa maisha yake yote.

Ruzuku za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini zipo, na awamu iliyozinduliwa 2020 iliitazama pia kaya yenye mtu mwenye ulemavu. Lakini kaya lazima kwanza itambuliwe kuwa maskini. Ile asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mkopo, lazima urudishwe. Hakuna kati ya hivyo kinachoziba pengo la fidia iliyopunjwa.

Hali ni mbaya zaidi kwa vijana wa karabai, yaani wanaovua dagaa kwa taa usiku kwenye giza la mwezi. Wanalipwa kwa mgao, hawana mkataba wa maandishi wala hati ya malipo. Kijana akiumizwa na injini ya boti, ataonyesha mshahara gani? Sheria inatambua hata mkataba wa mdomo, lakini bila kumbukumbu ya malipo kijana huyo anaanzia wapi?

Nawaomba maofisa wa mfuko waje soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri, mzigo unaposhushwa, wazungumze na matajiri wenye boti mbele ya wavuvi wao. Wafike Igombe na Kayenze, wavuke hadi Ukerewe. Viwanda navyo vikaguliwe kwa kulinganisha orodha ya mishahara na kile wafanyakazi wanachosema wanapokea.

Nanyi mlioajiriwa, dai hati ya mshahara kila mwezi na usome kiasi kilichoandikwa. Ukiumia, mtaarifu mwajiri mara moja. Yeye ana siku 7 za kutoa taarifa kwa mfuko. Akikaa kimya, nenda mwenyewe ofisi ya mfuko, maana dai linatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Mkazi wa Kirumba,
Ilemela, Mwanza