Ofisi za mkoa zikusanywe, lakini zibaki chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ambayo kwa wiki kadhaa sasa inazungumzwa kwenye vijiwe vya hapa Mtwara. Hoja yenyewe ni kwamba mkoa wenye bandari, gesi na korosho umefikia wakati wa kujengewa jengo refu kupita yote ya kusini, ili ofisi za serikali zilizotawanyika mjini zihamie humo na wananchi wahudumiwe mahali pamoja. Nilifanya kazi ya masijala kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na faili nilizozibeba mkononi kutoka jengo hili hadi lile, juani na mvuani, sina namna ya kuzihesabu. Kwa hiyo wazo la kukusanya ofisi naliunga mkono kwa moyo wote. Ninachokipinga ni urefu.

Kijana wa nyumbani kwetu anayesomea usanifu majengo ndiye aliyenifungua macho kuhusu asili ya ndoto hii. Alinionyesha kwenye simu mchoro wa mnara uliobuniwa na msanifu wa Marekani, Frank Lloyd Wright, mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka 89. Aliuita The Illinois, kwa jina la jimbo ambalo Chicago imo ndani yake, na akakusudia ofisi za serikali zilizokuwa zimetapakaa katika jiji lile zikusanyike humo. Urefu wake ungekuwa maili moja kamili, yaani mita 1,609, kwa ghorofa 528, wakati jengo refu kuliko yote duniani siku zile, Empire State la New York, lilikuwa na mita 381. Chini yake aliweka nafasi ya kuegesha magari 15,000, pamoja na viwanja vya helikopta.

Mchoro ule ulinikaa moyoni, na sitaki wasomaji wadhani namdharau mzee yule. Msingi wake aliuita mzizi mkuu: kiini kimoja cha zege kilichozamishwa chini sana mpaka kwenye mwamba, halafu sakafu zote zinajitokeza kutoka kwenye kiini hicho kama matawi yanavyotoka shinani. Yeyote aliyewahi kushindana na kisiki cha mkorosho mzee, akachimba asubuhi hadi jioni na bado kisiki hakijatikisika, anaelewa mara moja msanifu alikuwa anafikiria nini. Wala hayakuwa maneno matupu, kwani alikwisha kujenga kwa namna hiyo minara midogo miwili, mmoja wa maabara mjini Racine uliokamilika mwaka 1950, na mwingine wa ghorofa 19 mjini Bartlesville, Oklahoma, uliokamilika mwaka uleule wa 1956. Miaka mingi baada ya yeye kufariki, wasanifu wa Chicago walibuni Burj Khalifa ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2010 ikiwa na mita 828, nayo imesimama juu ya mabawa matatu yanayoegemeana, sura ambayo wengi wanaifananisha na ile ya mchoro wa Wright. Kwamba jengo refu mno linaweza kusimama, hilo limekwisha kuthibitishwa.

Ugumu unaanzia kwa mtu anayetaka kupanda. Kadiri ghorofa zinavyoongezeka ndivyo lifti zinavyopaswa kuongezeka, na kila lifti ina tundu lake linalopita katika sakafu zote za chini, hivyo sakafu hizo humegwa na kumegwa mpaka nafasi ya kazi yenyewe inabaki finyu. Wright alilijua tatizo hili, na jibu lake lilikuwa lifti zinazoendeshwa kwa nguvu za atomu. Hata Burj Khalifa iliyojengwa kweli ina mita 244 za juu kabisa ambazo hakuna mtu anayefanya kazi wala kuishi humo. Zimewekwa kwa ajili ya urefu tu. Mfanyabiashara anayetaka jina lake lionekane kutoka mbali anaweza kuamua hivyo kwa fedha zake. Mkoa unaojenga kwa kodi ya mkulima wa Tandahimba hauna ruhusa hiyo.

Hapa naomba nieleze jambo lililotokea katika familia yangu, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Mwaka 2016 shangazi yangu, mjane kutoka Newala, alikuja mjini kushughulikia mirathi ya shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa na barua ya mtendaji wa kata, cheti cha kifo na karatasi za mahakama, vyote amevifunga ndani ya mfuko wa nailoni kisha akavizungushia kanga. Ofisi tuliyoelekezwa ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti haikuwapo, na magoti yake yalikuwa yamemsumbua kwa miaka mingi. Alipanda akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine. Kwenye kituo cha ngazi cha ghorofa ya pili aliketi sakafuni, akauweka mfuko mapajani, akaniuliza kama baada ya ngazi ile kuna nyingine. Tulipofika juu tuliambiwa kwamba mhuri unaotakiwa unagongwa kwanza katika ofisi nyingine, upande wa pili wa mji. Tukashuka, tukachukua bajaji, tukafika huko na kukuta karani amekwenda benki, tukasubiri, na tuliporudi ilikuwa imepita saa tisa na nusu na dirisha limefungwa. Basi la mwisho la Newala lilikuwa limeondoka, kwa hiyo shangazi akalala kwangu na kesho yake tukazipanda ngazi zilezile tena.

Nikiitazama safari ile, naona makosa mawili yaliyokutana. La kwanza ni ofisi kutawanyika, na hilo Wright alilikusudia kulitibu, na wanaotaka mnara hapa Mtwara wanalikusudia pia. La pili ni ofisi kuwa juu. Mnara unaondoa kosa la kwanza huku ukilizidisha la pili mara nyingi, maana tunajua sote umeme unavyokatika, na siku lifti ikisimama, mjane wa Newala atakuwa na ghorofa 20 au 30 mbele yake. Mnaweza kusema jenereta litawekwa. Nimefanya kazi katika majengo ya umma muda wa kutosha kujua kwamba jenereta hununuliwa mwaka wa kwanza, na mafuta yake huanza kuwa mjadala mwaka wa tatu.

Jimbo lenyewe la Illinois lina la kutufundisha. Mnara wa Wright haukujengwa, lakini mwaka 1985 serikali ya jimbo hilo ilifungua mjini Chicago jengo lililokusanya ofisi zake nyingi, lililosanifiwa na Helmut Jahn. Lilikuwa na ghorofa 17 tu, lakini ubunifu wake ulikuwa wa ujasiri mkubwa: ukumbi mmoja mpana uliokwenda juu hadi paani, ofisi zikiuzunguka bila kujificha, ili mwananchi akiingia aione serikali yake ikifanya kazi. Nia hiyo naiheshimu sana. Lakini vioo vilivyotumika vilikuwa vya bei nafuu kuliko vile vilivyokusudiwa, na katika miaka ya mwanzo joto ndani liliwahi kupita nyuzi 30, watumishi wakawa wanafanya kazi wakiwa na feni mezani. Matengenezo yaliahirishwa mwaka hadi mwaka mpaka gharama yake ikakadiriwa kupita dola milioni 300, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba kampuni ya Google inalinunua. Ikiwa jimbo tajiri la Marekani lilishindwa kulitunza jengo la ghorofa 17, tujiulize sisi, ambao upepo wa chumvi kutoka baharini unakula mabati, unakula viyoyozi, na unapenya katika zege lililopasuka mpaka nondo zinaanza kuvimba kwa kutu.

Tena majengo marefu yana mahali pake. Yalizaliwa katika miji ambayo ardhi ni ghali kupita kiasi na haitoshi. Mtwara haina shida hiyo, na sababu ya kutokuwa nayo tunaifahamu vizuri kuliko watu wa mikoa mingine. Mji huu ulipimwa kwa upana mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Waingereza walipoamua kulima karanga kwa mitambo Nachingwea na kwingineko. Barabara pana zikachorwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa, reli ikatandazwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mpango ulikuwa mkubwa na ulipendeza kwenye karatasi, ila waliouchora hawakuuliza wenyeji habari za udongo na mvua. Mwaka 1951 ukaachwa, na reli ikafungwa mwaka 1962. Viwanja vipana tulivyorithi ndivyo vilivyobaki, na vinatosha kabisa kujengwa ofisi za mkoa mzima kwa ghorofa moja au mbili, zenye baraza pana na miti ya kivuli.

Wazee wetu mpaka leo mtu akienda kwenye ofisi ya serikali husema amekwenda bomani. Boma la Mikindani, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895 na siku hizi limekuwa hoteli, limekaa kwenye mteremko juu ya mji, na mimi niliyekulia chini yake najua kwa nini lilikaa pale. Mtawala yule alitaka awaone watu wote na watu wote wamwone, na anayekuja kwake afike amechoka, akiwa ameinua uso. Serikali tuliyojipatia baada ya Uhuru haikuahidi kukaa namna hiyo.

Mfano ulio karibu nasi uko Kenya, ambako tangu mwaka 2013 kumekuwa na vituo vinavyoitwa Huduma Centre, cha kwanza kikiwa ndani ya jengo la Posta Kuu Nairobi. Mwananchi anaingia, anachukua namba, anakaa, na watumishi wa idara mbalimbali wako kwenye madirisha ya ukumbi mmoja. Hapa kwetu nako Shirika la Posta limeanzisha utaratibu wa Huduma Pamoja wenye shabaha hiyohiyo. Hizo ndizo juhudi ninazotaka zipanuliwe hadi ziingie ardhi, mirathi, vizazi na vifo, leseni na pensheni, na zisiishie Mtwara mjini, kwa sababu mtu wa Masasi yuko takriban kilomita 200 kutoka hapa, na wa Mangaka yuko mbali zaidi. Faili ndilo lizunguke kati ya ofisi, kwa mtandao au kwa miguu ya karani kama nilivyofanya mimi. Mwenye shida aketi.

Najua nitajibiwa kwamba vijana wanahitaji kitu cha kujivunia, na kwamba wawekezaji wa gesi wakija wanataka kuona mji wenye sura. Namwelewa kijana wetu anapoutazama mchoro wa Wright macho yakiwaka, na ningefurahi siku moja aje asanifu jengo kubwa hapa kusini, la chuo au la hospitali, ambalo watu watatoka mbali kuja kulitazama. Ila mkutano wangu na serikali nimeuona kwenye kituo cha ngazi cha ghorofa ya pili, nikiwa nimesimama kando ya shangazi yangu.

Ombi langu kwa wahusika ni hili. Kabla ya kumlipa msanifu yeyote, wamtume stendi ya Mtwara Jumatatu moja asubuhi, basi la Newala au la Masasi linapowasili. Achague abiria mmoja mwenye bahasha ya kaki, amwombe ruhusa, aongozane naye katika kila ofisi anayoelekezwa mpaka shida yake iishe, hata kama ni siku mbili, kisha ndipo akae na karatasi yake aanze kuchora.

Msomaji wenu,
Karani mstaafu wa masijala,
Mikindani, Mtwara