Waache na maiki zao, wewe tafuta uzi

Shosti,

Mambo? Meseji yako kuhusu siku ya vijana hapo Mombasa nimeiona, eti mnataka waongee wao ni nani na kwao ni wapi, alafu mmepanga meza ya mbele, maiki na mgeni rasmi. Jamani! Watakaa kimya wakisubiri soda tu.

Mi naona mfanye kama dada mmoja, Nancy Belmont, kule Alexandria, Marekani, mwaka 2016. Alisimamisha nguzo 32 kwa duara, kila moja ina maneno yake, mfano mimi ni mzazi, au Kiingereza ni lugha yangu ya pili, we unachukua uzi unazungusha kwenye kila nguzo inayokuhusu mpaka nyuzi za watu zinapishana juu zinakuwa kama paa. Utamu ni pale unapomkuta mtu humjui kabisa anahangaika na nguzo hiyohiyo, mikono ina kazi basi stori zinaanza zenyewe.

Ila msikopi maneno yake, na wasiandike kamati, waandike vijana. Mfano: Nimezaliwa Mombasa ila naitwa mbara (mtu wa bara). Baba na mama kabila tofauti. Nimeshaambiwa rudi kwenu. Hiyo ya mwisho iwekeni karibu na geti muone itakavyojaa! Majina ya makabila mi ningeacha kabisa, maana kila mtu ataenda kusimama na wa kwao na mchezo umeisha hapo.

Kamati wakiuliza faida yake nini, waambie ya Kibera, Nairobi, 2009. JR, yule msanii Mfaransa, alifunika mapaa kwa picha kubwa za sura na macho ya wanawake wa palepale, lakini alitumia matirio isiyopitisha maji kwa hiyo mvua ikinyesha ndani hakuvuji. Na treni nayo ikabandikwa macho, nusu ya chini ya sura ikawekwa kwenye mabati huko mteremkoni, ikipita tu sura inakamilika, sekunde chache hivi imeshaondoka. Mwenye nyumba alibaki na kitu, hilo ndo nalipenda.

Nyie badala ya uzi chukueni vipande vya leso (kanga) vinavyobaki kwa mafundi cherehani, wanavitupa tu, vikijaa juu mnapata kivuli cha kukaa na kupiga soga. Nguzo ni mabomba ya plastiki, simamisheni kwenye ndoo za zege.

Nipigie ukishaongea nao, na wakimng'ang'ania mgeni rasmi wao mpe kitambaa naye azunguke.